Neno Nililoliruka kwenye Kopo

Mkitaka kufundisha watu wazima kusoma, anzeni na viti. Wengi wenu mnaokuja kunitembelea na vyeti vyenu vipya mnataka niwaeleze mbinu na mitaala, nami nawaambia kwanza angalieni watu watakaa wapi. Mzee wa miaka sitini hawezi kukaa kwenye benchi la mtoto wa darasa la pili, magoti yakimgusa kidevu, halafu ajifunze kitu. Atakaa siku moja, atakohoa, atasema ng'ombe wake wameachwa bila mtu, na hutamwona tena.

Mimi nilijifunza hayo kwa aibu. Darasa langu la kwanza lilikuwa kwenye banda la kununulia majani chai, upande wa Nyamache nilikoolewa. Kwetu nilikozaliwa ni Kiogoro. Miaka ya sitini ilikuwa inaelekea kwisha. Nilikuwa nimefika kidato cha pili, nimefundishwa kazi kwa majuma mawili, nimepewa sanduku la chaki na vitabu kumi na viwili vya kuanzia. Siku za kununua majani banda lilikuwa la wakulima na mizani yao. Siku nyingine, mchana, lilikuwa langu. Tulikaa ndani ya harufu ya majani mabichi, na mvua ikinyesha juu ya mabati hakuna aliyemsikia mwenzake, basi tulingoja.

Siku hiyo ya kwanza niliwasimamisha watu wote, wanawake kwa wanaume, nikawaambia waimbe a, e, i, o, u huku wakipiga makofi, kama tulivyofanywa sisi tukiwa wadogo. Mzee Ratemo, aliyekuja na kofia yake ya kwendea kanisani, akanitazama kwa muda. Kisha akasema polepole, "Mwanangu, ng'ombe wako wa mahari walipopelekwa Kiogoro, mimi ndiye niliyewaswaga. Sasa unaniambia nipige makofi?" Akachukua fimbo yake akaenda. Wanaume wengine wanne wakamfuata.

Aliyenirudishia wale wazee ni Mwalimu Onsongo. Alikuwa amefundisha shule ya misheni tangu zamani za wakoloni na sasa alikuwa nyumbani na migomba yake. Alikwenda kwa kila mmoja akaomba radhi kwa niaba yangu, halafu akaja kuketi nyuma ya darasa langu mwezi mzima. Mengi ninayojua ni yake. Usisimame wakati mzee ameketi. Mtu akikosea, mwonyeshe kwenye daftari lake kwa kidole, usimtaje mbele ya mkaza mwana wake. Mkono wa mtu aliyeshika jembe miaka arobaini hushika penseli kama anataka kuivunja, basi mpe kwanza kipande cha mkaa na ubao, na umwache achore mistari siku mbili. Na ukimuuliza mtu mzima swali, subiri. Subiri hadi uone haya kwa kusubiri, kisha usubiri tena kidogo.

Tulikuwa na imani kubwa siku hizo. Ofisi ilituletea picha ya mtu aliyefungwa kitambaa machoni, na pembeni mtu yuleyule ameshika kitabu, kitambaa kimeanguka. Watu walituita watu wa ngumbaru, yaani wa kisomo cha watu wazima, kwa utani, lakini sisi wenyewe tulijiona tumebeba mwanga. Na sikuwa nimekosea kwa kila kitu. Mzee Ratemo alikuwa na mtoto Mombasa aliyemwandikia barua, na barua hizo zilisomwa na jirani mmoja aliyewahi kuwa tarishi. Kila barua ilimalizika kwa maneno kwamba mtoto anaomba msomaji apewe kuku. Mzee alipojua kusoma, alizitoa barua zote alizozihifadhi kwenye bati la mkate, akazipitia moja moja hapo bandani. Hakuna iliyotaja kuku. Tulicheka hadi machozi, na yeye akacheka zaidi yetu, ingawa alihesabu kuku kumi na mmoja.

Siku hiyo niliwaambia, "Mtu anaweza kuongeza maneno yake. Karatasi haiongezi. Karatasi inasema kilichoandikwa tu." Wote wakaitikia. Niliipenda sentensi hiyo, nikairudia kwa miaka. Hata Mwalimu Onsongo aliisifu.

Shida yetu ilikuwa kwamba kitabu cha kuanzia kilikwisha upesi. Mwanafunzi akifika ukurasa wa mwisho, hakuna kingine. Nyumbani kwake hakuna hata karatasi moja yenye maandishi ila kadi ya kliniki. Baada ya miezi mitatu amesahau yote. Ndipo nilipobuni njia yangu, na nawaambia hata leo ni njia nzuri ukijua kuilinda. Niliwaambia walete chochote chenye herufi. Walileta pakiti za chai, karatasi za sabuni, visanduku vya kiberiti, gazeti lililofungiwa nyama likiwa na damu bado. Mwanamke mmoja alibeba debe tupu la mafuta ya taa kichwani maili mbili ili tumsaidie neno lililokuwa limeandikwa ubavuni. Tulisoma kila kitu. Tulibishana nusu saa juu ya maneno yaliyokuwa kwenye karatasi ya mawe ya redio, yaani betri. Darasa likajaa, tukalazimika kukaa hadi nje chini ya ukingo wa paa.

Sifa zangu zikafika ofisini, mkaguzi akaja, na baada ya mkaguzi akaja bwana mmoja wa kampuni ya maziwa ya unga. Sitalitaja jina la kampuni hiyo, na kampuni yenyewe siku hizi haipo. Alikuja na gari lenye vipaza sauti juu. Alikuwa kijana mpole, Kiswahili chake safi, aliwaamkia wazee kwa heshima. Alisema amesikia kwamba hatuna vitabu. Akatupa madaftari, chaki katoni mbili, na mabango makubwa ya kubandika ukutani. Kwenye kila daftari na kila bango kulikuwa na mtoto mnene anayecheka na mama aliyevaa gauni la mikono mifupi, na chini yake maneno kwa herufi kubwa zilizo wazi kuliko za kitabu chetu: Mama wa leo humpa mtoto maziwa ya leo.

Sikumuuliza anataka nini. Nilimshukuru mara tatu, nikamchemshia chai.

Katika majuma machache darasa langu lilianza kusoma kwa kasi ya ajabu. Wanawake waliokuwa wakikwama kwenye silabi mbili sasa walisoma bango zima bila kuvuta pumzi. Mkaguzi alileta wageni waje kuona. Mimi nilijiona nimekuwa mwalimu hodari. Nilisahau kwamba maneno yaleyale yaliimbwa kwenye redio ya duka la sokoni, asubuhi na mchana na jioni, kati ya habari na salamu za wasikilizaji, na gari la vipaza sauti liliyapigia kelele kila siku ya soko.

Niligundua kwa bahati mbaya. Siku moja niliandika sentensi ile ubaoni ili wainakili, na akili yangu ilikuwa kwingine, nikaandika maji badala ya maziwa. Mama wa leo humpa mtoto maji ya leo. Nikawaambia wasome pamoja. Wakasoma kwa sauti moja, tena kwa mdundo wa redio, "maziwa ya leo." Nikawaambia warudie. Wakarudia vilevile. Walikuwa wanaangalia ubao, lakini ubao haukuwa na kazi. Mtu mmoja tu aliinua mkono, akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, umeandika maji."

Huyo alikuwa Kemunto.

Alikuwa na miaka kama ishirini, mke wa kijana aliyefanya kazi kwenye mashamba makubwa ya chai Kericho. Alikuwa ametolewa shule darasa la pili ili alee wadogo zake. Kwangu alijua kusoma kwa miezi minne. Nimefundisha watu wengi, na sijapata mwingine kama yeye. Alisoma kama mtu aliyekuwa na njaa, akitembea, akichuma majani chai, akisoma hata karatasi iliyookotwa njiani ikiwa na matope. Akimaliza sentensi alirudi nyuma kuangalia kama imemdanganya mahali.

Siku ile ya ubao nilimsifu, nikafuta neno, nikaandika maziwa, tukaendelea. Nilikuwa nimeona wazi kwamba wale wengine hawasomi, wanakariri tangazo. Nilijua. Lakini wageni wa ofisi walikuwa wanakuja juma lililofuata, na bango lilisomeka vizuri sana.

Mimi na Kemunto tulikuwa na mimba wakati mmoja. Mimi yangu ilikuwa ya tatu, yake ya kwanza. Nilijifungua msichana, Moraa, na majuma matatu baadaye yeye akajifungua wake, akaitwa Kwamboka. Sote wawili tulirudi bandani na watoto mgongoni. Wakati wa mapumziko nilikaa chini ya ukingo wa paa nikinyonyesha. Kemunto alikuwa ameketi karibu, naye ananyonyesha. Akatazama ukutani, akanitazama, akaniuliza kwa nini mimi mwenyewe simpi mtoto wangu maziwa ya kopo.

Nikacheka, nikamwambia, "Mimi bado ni mtu wa zamani."

Wanawake wote wakacheka. Ulikuwa mzaha tu. Ukweli ni kwamba sikuwahi hata kulifikiria jambo hilo, maziwa yalikuwapo na mtoto alikuwa anashiba. Lakini fikirieni. Nilikuwa nimewaambia wanawake hao kwa mwaka mzima kwamba mambo ya zamani ni kitambaa machoni. Mimi nilisema kwa mzaha, naye alisikia mwalimu anakiri udhaifu wake. Mume wake alipokuja mwisho wa mwezi alikuja na kopo, na chupa yenye chuchu ya mpira.

Aliniletea kopo hilo nimsaidie. Maneno makubwa ya Kiswahili alikuwa ameyasoma mwenyewe. Pembeni kulikuwa na maandishi madogo ya Kiingereza, na alisema hataki kuanza kabla hajajua yanasemaje. Darasa zima lilikuwa linasikiliza. Nikasoma, nikatafsiri: chemsha maji, chemsha chupa, pima kwa kijiko kilicho ndani, vijiko vingapi kwa umri gani. Karibu na mwisho kulikuwa na sentensi fupi ya makatazo, na ndani yake kulikuwa na neno moja nisilolijua. Nilijua ni katazo, nilikuwa sijui linakataza nini.

Mimi ndiye mwalimu, na watu thelathini wananitazama. Nililiruka. Nilisoma sentensi iliyofuata kwa sauti ileile, nikamrudishia kopo, nikamwambia, "Fuata kilichoandikwa."

Mama mkwe wake, Bosibori, alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, asiyesema sana. Tangu siku Kwamboka alipozaliwa alikuwa akimpikia Kemunto ugali wa wimbi na chinsaga, ile mboga chungu ambayo kwetu mama aliyejifungua hulishwa ili maziwa yake yatoke. Alipoiona chupa alikataa hata kuigusa. Kila siku aliweka chungu cha mboga mlangoni mwa mkaza mwana wake, na jioni alikikuta hakijaliwa. Kemunto alitueleza haya darasani, kama mtu anayeleta habari za ushindi. Alisema mama mkwe amemuuliza ni nani aliyemfundisha kumnyima mtoto ziwa.

"Nikamwambia, wewe hujui kusoma," akasema Kemunto.

Darasa likacheka. Nami nikasema, "Mnaona faida ya kisomo." Nimeisema sentensi hiyo kwa mdomo wangu huu, na kwa miaka yote tangu hapo hakuna juma lililopita bila mimi kuisikia.

Ziwa lisiponyonywa hukauka. La Kemunto lilikauka. Kopo nalo lilikuwa la mwezi mmoja kwa hesabu ya waliolitengeneza, ila mume wake hakuweza kuleta kila mwezi. Kwa hiyo Kemunto alifanya ambalo mwanamke yeyote mwenye akili hufanya na uji ukiwa mchache: aliongeza maji. Vijiko vinne vikawa viwili, viwili vikawa kimoja. Maji yalitoka kijitoni, na kuni wakati wa mvua hazikuwaka. Maziwa bado yalikuwa meupe. Mtoto alikuwa anamaliza chupa nzima na kulia tena.

Nilimwona Kwamboka mara ya mwisho bandani. Nilimlinganisha na Moraa wangu aliyekuwa mgongoni, nikaona mikono yake imekuwa kama ya mzee, ngozi imelegea. Nikamwambia Kemunto ampeleke kliniki. Alisema ameshampeleka, wamempa dawa ya kuhara. Alikuwa amekonda yeye pia. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na karatasi mkononi.

Mtoto alifariki siku nne baadaye, njiani kuelekea hospitali, akiwa mgongoni mwa mama yake. Hakuwa amefika miezi mitano. Kemunto alitembea naye maili nyingine nzima kabla hajajua.

Walimzika asubuhi, kando ya migomba. Mume alikuwa amekuja kutoka Kericho, amekaa kwenye kigoda nje ya nyumba. Nilikuwa nimesimama na wanawake wengine wa darasa Bosibori alipotoka jikoni akiwa ameshika kopo. Akanipa kopo, akasema, "Mwalimu, wewe ndiye unayejua. Nisomee."

Nikamsomea maneno makubwa. Mama wa leo humpa mtoto maziwa ya leo.

"Nani amesema hivyo?"

Nikasema ni kampuni.

"Kampuni ni mtoto wa nani?"

Hakuwa anafanya mzaha. Hivyo ndivyo tunavyouliza kwetu tukitaka kumjua mtu: baba yake ni nani, anatoka mlima gani, ameoa kwa akina nani. Nikamwambia sijui. Akauliza kama mtu huyo aliwahi kuja kumwona mtoto. Nikasema hapana. Basi akaweka kidole chake kwenye yale maandishi madogo pembeni, akaniambia nisome na hayo. Nikasoma. Nilipofika kwenye lile neno, mbele ya kaburi ambalo udongo wake ulikuwa bado mbichi, nililiruka mara ya pili.

Nilitoka hapo na kopo mkononi, nikaenda moja kwa moja kwa Mwalimu Onsongo. Alikuwa na kamusi aliyopewa na wamisheni, imefungwa kwa kitambaa. Alivaa miwani, akatafuta ukurasa, akasoma mara mbili kabla ya kuniambia. Neno lile lilikuwa linakataza kuzidisha maji.

Aliifunga tena kamusi kwa kitambaa chake. Kisha akaanza kuongea, na alikuwa kama anajisemea mwenyewe. Alisema yeye alifundishwa kusoma kwa Biblia, na wote waliomfundisha walifundishwa kwa Biblia, kwa hiyo walipoona herufi waliona kitu cha kuaminiwa. "Hatukuwahi kushika karatasi ya mtu anayetafuta wanunuzi," akasema. "Tuliwafungulia watu mlango, na hatukuwaambia nani mwingine ataingia." Alionekana mzee sana machoni pangu siku hiyo. Hakunilaumu, nami natamani angenilaumu.

Kesho yake nilikwenda kwa Kemunto. Nilimkuta anapura wimbi na Bosibori, bila kusemezana. Nikawaambia wote wawili. Nikasema kulikuwa na neno ambalo sikulijua, na neno hilo lilisema maji yasizidishwe. Sijui kama Kemunto angeacha kuzidisha. Kopo lilikuwa limekwisha na mtoto analia, angefanya nini? Labda angerudi kwa chungu cha mama mkwe wakati ziwa bado lina kitu. Labda. Lakini hakuambiwa.

Kemunto aliendelea kupura kidogo, kisha akaacha.

"Siku ile ukisoma," akaniuliza, "ulijua kwamba hulijui?"

"Nilijua."

Aliingia ndani, akarudi na daftari lake. Lilikuwa limejaa, hata pembezoni, kwa maandishi madogo yaliyonyooka. Alinipa kwa mikono miwili, kama anavyopewa mgeni kitu, akarudi kwenye wimbi. Bosibori aliniangalia mpaka nikaondoka.

Ninyi vijana mnapenda niwaambie nilibadilika vipi. Nilibandua mabango, nikayachoma nyuma ya banda. Madaftari sikuweza kuyachoma, watu walikuwa wameandika ndani yake, basi tulikata majalada. Halafu nikaanza kufundisha upya. Niliandika ubaoni sentensi walizozijua kwa sikio na kubadilisha neno moja, na aliyesoma kwa masikio alijikwaa. Nilifunika picha kwa gunia kabla ya kuwaonyesha maneno. Tulianza kila karatasi na maandishi madogo, tukamalizia na makubwa. Na kila tulichosoma niliwauliza maswali ya Bosibori: nani amesema hivi, ni mtoto wa nani, anataka nini kwetu, na amewahi kuja kutuona? Nikikutana na neno nisilolijua nililiandika pembeni mwa ubao kwa herufi kubwa, nikasema mbele ya wote, hili silijui, na likakaa hapo mpaka nilipolijua. Mara ya kwanza niliposema hivyo Mzee Ratemo alisema afadhali, alidhani ni yeye tu.

Darasa langu likawa la polepole. Mkaguzi alikuja akakuta watu wazima wanabishana dakika arobaini juu ya karatasi ya sabuni inayosema ngozi nyororo huleta bahati. Akaniita nje. Alisema kazi yangu ni kuwafundisha watu kusoma, si kuwafundisha ubishi, na kwamba madarasa mengine yalikuwa yameshafuzisha watu mara mbili zaidi. Aliuliza pia mabango yako wapi. Baada ya miezi miwili nilihamishiwa upande wa Nyamira. Aliyeshika nafasi yangu alikuwa kijana mwenye bidii, na niliporudi nyumbani Jumapili moja na kupita bandani, niliona kuta zimejaa tena. Mtoto mnene, mama mwenye gauni. Kampuni nyingine, maneno mengine, sauti ileile. Matangazo ya kwenye simu zenu za leo msiniulize, siyajui.

Sidhani kama nilishinda chochote. Watu wachache, pengine, walijifunza kusita kabla ya kuamini. Katika kijiji kile tulizika watoto wengine waliokufa kwa njia ya Kwamboka, na kina mama zao walikuwa wanafunzi wangu wa wakati wa mabango, wale waliosoma vizuri sana mbele ya wageni.

Kemunto hakurudi darasani, kwangu wala kwa yule aliyenifuata. Alizaa watoto wengine watatu, akawanyonyesha wote. Nilisikia kwamba kliniki alikuwa akimpa mtu mwingine kadi amsomee. Kanisani alifungua kitabu cha nyimbo wakati wengine wanafungua, lakini walioketi karibu naye walisema anaimba akitazama mbele. Tulipokutana njiani tulisalimiana. Moraa alikuwa akikua, na nilijifunza kutompitisha njia ile.

Miaka ya sabini ikiwa imeanza kuisha, wanawake wa kijiji walianzisha kikundi cha kulimiana mashamba na kununua mabati. Walitaka kiandikishwe, na wakaniomba niwaandikie orodha ya wanachama. Tulikutana mchana uwanjani kwa chifu. Niliandika majina yote kwenye karatasi mbili ndefu, moja chini ya jingine, nikaweka meza, kalamu, na kidau cha wino kwa wasiojua kuandika. Mwenyekiti aliita kwa kufuata foleni, si orodha, kila mmoja akaja akaweka sahihi mbele ya jina lake. Waliojua, niliwaachia. Wasiojua, niliwaonyesha mstari kwa kidole, wakachovya kidole gumba na kubandika.

Kemunto alipoitwa alikuja akasimama mbele yangu. Mikono yake ilikuwa na utomvu wa migomba. Nikamsogezea kalamu.

"Mimi sijui kuandika, Mwalimu," akasema.

Mwenyekiti, msichana mdogo aliyeolewa hapo majuzi, akamwambia asione haya, Mwalimu atamsaidia. Wanawake wakubwa waliokuwa kwenye foleni waliangalia chini. Mkono wangu haukuinuka. Kemunto alichovya kidole gumba kwenye wino, akainama juu ya karatasi, akabandika, akajifuta kwenye majani, akaenda zake.

Walipokwisha wote nilizichukua zile karatasi nizikunje. Ndipo nilipoona. Jina lake lilikuwa kwenye karatasi ya pili, katikati, kati ya akina Kemunto wawili wengine. Sikumwonyesha mstari. Hakuna aliyemwonyesha. Alama ya kidole ilikuwa imekaa sawasawa mbele ya jina lake, haikugusa la juu wala la chini.